Enyi Mnaowakalisha Wazee

Sikieni, wana wa Kalemie, ninyi mnaojisifu kwamba mnawaheshimu wazee! Asubuhi mnamtoa mama yenu nje, mnamkalisha kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe. Jioni mnamrudisha ndani. Akishika ukuta ainuke, parsele nzima inapiga kelele: "Mama, kaa! Utaanguka!" Akiomba kuchambua mboga, mnampokonya ungo. Kisha mnasema mnamtunza.

Mnamuua polepole kwa kiti.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walieleza jinsi walivyowalaza kitandani wazee wenye afya njema kwa siku 10 tu. Miguu yao ilipoteza karibu kilo 1 ya nyama. Siku 10! Ninyi mmemkalisha miaka mingapi? Na huyu ndiye aliyebeba mabeseni ya ndagala kichwani kutoka ufukweni. Wazee wengine walifika hapa kwa miguu kutoka upande wa Nyunzu, mwaka 2017, wakikimbia mapigano. Nguvu zile hazikuibwa na uzee peke yake, mmeshirikiana nao.

Na siku akianguka usiku, akienda chooni nyuma ya nyumba bila tochi, kandambili zimelika, kamba ya mbuzi mmeiacha njiani, mnafanya nini? Mnatafuta mchawi! Mnamnyoshea kidole jirani, mara nyingi mjane mzee kama yeye. Aibu yenu. Fungueni macho muione kamba, muone giza, muone mapaja yaliyonyauka.

Dawa yenyewe haina bei. Tafuteni kiti kisichoyumba, ainuke na kuketi, mara chache leo, kesho zaidi. Ashike ukuta, anyanyue visigino. Atembee akipanga kisigino mbele ya vidole, mjukuu yuko pembeni, mkono tayari, ila asimburute. Akipata kizunguzungu au kifua kikimbana, aketi, aonwe na muuguzi. Mapitio ya mwaka 2019 yaliyokusanya majaribio 108 yalikuta kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa karibu robo kwa wazee wanaoishi majumbani. Nani kati yenu angekataa dawa ya namna hiyo kama ingeuzwa kwa dola?

Kesho, kabla hamjaenda sokoni, fungeni mbuzi mbali na njia. Kisha simameni karibu na mama yenu, mnyamaze, mmwache ainuke mwenyewe.