Mgonjwa akisema "nimeridhika", tusimwamini haraka



Wengi wetu tumeihifadhi Suratu 'Abasa tangu madrasa, na kisa chake kinafahamika. Mtume (s.a.w) alikuwa amekaa na wakubwa wa Makuraishi akitaraji kuwa wataukubali Uislamu. Akaingia Abdullah bin Ummi Maktum (r.a), ambaye alikuwa kipofu, akitaka afundishwe. Mtume (s.a.w) akakunja uso na kugeuka upande, kwa kuwa alikuwa na kazi kubwa mbele yake. Hapo zikateremka aya (80:1-10).

Lipo jambo moja katika kisa hiki ambalo huwa nawauliza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hapa Dodoma, na mara nyingi darasa zima hukaa kimya. Ibn Ummi Maktum alikuwa haoni. Uso uliokunjwa hakuuona. Lau angeulizwa mlangoni wakati anatoka, kuhusu uso ule asingekuwa na la kulalamikia. Pamoja na hayo, Allah (s.w) hakuliacha jambo lile lipite, bali aliliteremshia aya zinazosomwa mpaka leo.

Nimelileta hili kwa sababu ya zahanati zetu.

Mwaka 2007 serikali ilipoanzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM), lengo lilikuwa kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Majengo mengi yamejengwa, alhamdulillah, na ndugu zetu wengi wa Kondoa, Bahi na Mpwapwa leo hawatembei umbali waliotembea baba zao. Lakini ukikaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari (na kwenye zahanati "daktari" huyo mara nyingi ni tabibu, ila sisi wananchi tunawaita wote madaktari), husikii watu wakizungumzia jengo. Wanaulizana daktari wa leo ni yupi. Wakiambiwa ni yule mpole, wanakaa. Wakiambiwa ni yule mwingine, wapo wanaojiinukia taratibu na kwenda duka la dawa. Qur'an imekwisha kulieleza hili pale Allah (s.w) alipomjulisha Mtume wake kuwa lau angekuwa mkali na mwenye moyo mgumu, watu wangemkimbia (3:159). Na waliokusudiwa hapo ni masahaba! Sembuse mama aliyebeba mtoto anayechemka homa?

Mwaka jana nilimsindikiza bibi mmoja wa mtaani kwetu kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja. Ni Mgogo, na Kiswahili chake ni cha kuungaunga. Kijana aliyempokea, ambaye bibi yule angeweza kumzaa mama yake, hakumpa hata shikamoo. Aliuliza, "Unaumwa nini?" macho yakiwa kwenye karatasi. Bibi akaanza kama wanavyoanza wazee, kwa kueleza msiba wa mwanawe, kwamba tangu siku ile halali usingizi. Akakatizwa: "Bibi, nimekuuliza unaumwa nini." Akasema kichwa na homa. Kipimo kikaonesha malaria, akaandikiwa mseto.

Pale getini alisimama mtu na karatasi zake, anauliza wagonjwa kama wameridhika na huduma. Bibi akajibu bila kusita, "Nimeridhika, mwanangu, Mwenyezi Mungu awalipe." Tulipovuka barabara ndipo akaniuliza mimi: "Mjukuu wangu, kwani kasema naumwa nini?"

Mseto kwa mtu mzima ni vidonge 24. Humezwa vinne vinne, mara sita, ndani ya siku tatu; dozi ya pili hufuata baada ya saa 8 kupita, kisha asubuhi na jioni, na inafaa kumeza pamoja na chakula. Hayo hakuna aliyemweleza. Siku ya pili homa ilipotulia, bibi alivifunga vidonge vilivyobaki kwenye pindo la khanga, akiwawekea wajukuu. Mkwewe ndiye aliyeviona na kumlazimisha amalize. Na kuhusu ule usingizi, mpaka leo hakuna aliyemuuliza.

Hebu tujiulize, yule mwenye karatasi getini aliandika nini? Aliandika kuwa mteja ameridhika.

Jambo hili limepata kufanyiwa hesabu hapa hapa nchini. Mwaka 2011 na 2012 watafiti waliwauliza kina mama waliojifungulia katika vituo vya Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, kama walifokewa, walipuuzwa au walivunjiwa heshima kwa namna nyingine. Walipoulizwa wakati wanatoka kituoni, kama 19 katika kila 100 walisema ndiyo. Baadhi yao walipofuatwa majumbani wiki kadhaa baadaye, idadi ikafika 28 katika kila 100. Mtu aliye bado ndani ya uzio wa kituo, na anayejua kuwa kesho atamrudisha mtoto kwa watu wale wale, hawezi kusema yote. Mwenye shida hana kauli. Kwa hiyo daktari akioneshwa kuwa wagonjwa wake wanaridhika, asijipongeze kwanza. Ibn Ummi Maktum naye hakulalamika.

Wala hili si la Afrika peke yake. Mwaka 1984 nchini Marekani, watafiti Beckman na Frankel walichapisha matokeo yao baada ya kusikiliza mazungumzo ya madaktari na wagonjwa. Kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18. Sekunde 18 hazitoshi hata kumaliza salamu za Kigogo.

Najua jibu la matabibu, maana baadhi yao tunaswali safu moja. Foleni ni ndefu. Yuko peke yake. Vitabu vya MTUHA vinamsubiri avijaze, na siku hizi kuna na kompyuta. Dawa ikikosekana, matusi yanamwangukia yeye wakati hakuagiza yeye. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, wewe una kengele ya kukutoa darasani, mimi sina." Amesema kweli, na wanaopanga ajira wana la kujibu mbele ya Mola wao.

Hata hivyo, turudi kwenye 'Abasa. Ni shughuli gani kubwa kuliko aliyokuwa nayo Mtume (s.a.w) siku ile, ya kutaraji uongofu wa viongozi wa mji mzima? Na bado shughuli hiyo haikukubaliwa kuwa udhuru. Imepokewa katika sifa zake kuwa alipomgeukia mtu alimgeukia kwa mwili wote, si kwa shingo tu. Kumwangalia mtu usoni, kumpa mzee shikamoo yake, na kusema "bibi, una malaria, dawa utameza hivi", kunachukua muda gani?

Ukali huo unatuumiza sisi Waislamu katika mambo ambayo hatuyasemi. Mgonjwa wa kisukari anafunga Ramadhani kwa kujificha, anaruka dozi, kwa sababu anaogopa kufokewa akisema amefunga. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo ndani ya Qur'an, lakini hajui kama yeye anahusika, na wa kumfahamisha hali ya mwili wake ni daktari huyo huyo anayemwogopa. Mwingine amekunywa kombe na mitishamba wiki nzima, akiulizwa anasema hajatumia kitu. Huo ni uongo, nami siutetei. Lakini nimeona waliosema ukweli wakachekwa mbele ya wagonjwa wengine.

Huko Tanga hawakuishia kwenye kuhesabu. Wananchi, wahudumu na viongozi walikaa pamoja wakaandika mkataba wa huduma, kila upande unapaswa kumtendea mwenzake vipi, ukawekwa hadharani. Hospitalini walitundika hata mapazia ili mama asipimwe mbele ya macho ya watu, jambo ambalo sisi tunaliita sitara na tungepaswa kuwa wa kwanza kulidai. Mradi huo uliitwa Staha, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionesha kuwa vitendo vya kuwavunjia kina mama heshima vilipungua sana.

Mlango wa kufanya kama hayo hapa kwetu upo. Zahanati za serikali zina kamati za usimamizi zenye wajumbe wanaotokana na wananchi, na hao ndio wa kumfikishia mganga mfawidhi yale ambayo bibi hawezi kuyasema getini. Wiki iliyopita baada ya swala ya Isha niliuliza msikitini kwetu nani anamfahamu mjumbe wetu katika kamati ya zahanati. Walionyoosha mikono ni wawili, na kila mmoja alitaja jina lake.