Sahihi Isiyo Sahihi: Ridhaa ya Mwanamke katika Maadili ya Tiba

Neno 'sahihi' katika Kiswahili lina maana mbili. Ni alama ya mkono wa mtu chini ya waraka. Ni sifa vilevile ya jambo lililo kweli na lisilo na kasoro. Taratibu za hospitali zimejengwa juu ya imani kwamba maana hizi ni moja: fomu ikishatiwa sahihi, ridhaa nayo ni sahihi. Makala haya yanakusudia kuichunguza imani hiyo kwa mtazamo wa kifeministi, na kudai kwamba ridhaa ya mgonjwa haipimwi kwa wino uliobaki kwenye karatasi bali kwa uwezo aliokuwa nao wa kukataa.

Miongoni mwa nadharia za maadili ya tiba, iliyoenea sana ni ile ya Tom Beauchamp na James Childress, ambao mwaka 1979 walipendekeza kanuni nne: kuheshimu uhuru wa mtu wa kujiamulia, kutodhuru, kutenda mema na kutenda haki. Hapana shaka kwamba kanuni ya kwanza ilisaidia kumwondoa mgonjwa chini ya amri ya daktari. Hata hivyo, mgonjwa anayechorwa na kanuni hiyo ni wa aina maalumu: ametulia, amesoma, hana deni, wala hamwogopi anayemhudumia. Mwanafalsafa wa Kanada, Susan Sherwin, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1992, alisisitiza kwamba maadili ya tiba hayakamiliki iwapo yatauacha nje uhusiano wa kimamlaka kati ya wanaotibu na wanaotibiwa, hususan wanawake. Kwa mtazamo huo, haitoshi kujua kwamba mwanamke aliulizwa. Yapasa kujua aliulizwa na nani, lini, kwa lugha gani, na jibu la 'la' lingemgharimu nini.

Kesi iliyoamuliwa nchini Namibia inaliweka suala hili bayana. Wanawake watatu wenye virusi vya UKIMWI, wanaotambulika katika kumbukumbu za mahakama kwa herufi tu, LM, MI na NH, walifungwa kizazi katika hospitali za serikali. Serikali ilijitetea kwa fomu: wanawake hao walikuwa wametia sahihi. Mahakama Kuu mwaka 2012, kisha Mahakama ya Juu mwaka 2014, ziliukataa utetezi huo. Sahihi zilichukuliwa wanawake wakiwa katika uchungu wa uzazi, na maelezo waliyopewa hayakutosha kumwezesha mtu kupima uzito wa jambo hilo. Jaji Mkuu Peter Shivute alishikilia kwamba uamuzi wa kuzaa au kutozaa ni wa mwanamke mwenyewe, na kwamba daktari hana nafasi ya kumwamulia kama mzazi amwamuliavyo mtoto.

Mahakama Kuu, hata hivyo, haikukubali dai la pili, kwamba wanawake hao walitendewa hivyo kwa sababu ya virusi walivyokuwa navyo, ushahidi haukutosha. Sheria haina budi kufuata ushahidi wa kila kesi. Lakini maadili yana wajibu wa kuuliza zaidi: kwa nini watu wa jinsia moja na wenye ugonjwa mmoja ndio wanaojikuta mbele ya fomu hiyo?

Swali hilo limeulizwa Kenya pia. Mwaka 2012 shirika la African Gender and Media Initiative lilitoa ripoti yenye masimulizi ya wanawake 40 wenye virusi vya UKIMWI waliosema kwamba walifungwa kizazi kwa kulazimishwa au kwa kushurutishwa. Kesi ilifunguliwa mwaka 2014, na mwaka 2022 Mahakama Kuu jijini Nairobi ikaamua kwamba haki zilikiukwa. Baadhi ya walalamikaji walidai kwamba chakula na maziwa ya mtoto vilitolewa kwa sharti la kufungwa kizazi. Mama wa namna hiyo hakushikwa mkono. Kalamu aliishika mwenyewe. Alichonyimwa ni njia ya kukataa huku mtoto wake akila. Kiswahili chenyewe kinadokeza ukubwa wa jambo hili, kwani 'kizazi' ni kiungo cha mwili, na ni watu wa rika moja waliozaliwa na watakaozaa. Kukifunga ni kugusa mambo yote mawili.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa. Yaweza kusemwa kwamba kumsisitiza mwanamke kama mwamuzi ni kumtenga na jamaa zake, ilhali mtu ni watu. Pingamizi hili lina ukweli, lakini lina hatari: likikubaliwa bila masharti, mamlaka ya daktari yatahamishiwa kwa mume au mavyaa, na mwanamke atabaki alipokuwa.

Fasihi inatoa mfano wa njia nyingine. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858, umewagawanya wahakiki kwa sababu ya utiifu kwa mume unaohimizwa ndani yake. Ubishi huo usifunike jambo moja: anayenena ni mgonjwa. Hayuko peke yake; anamwita bintiye amkaribie, na kumwagiza achukue wino na karatasi. Uhusiano upo, tena ni wa damu. Lakini maneno ni ya mgonjwa, na wino unafuata kauli yake. Katika wodi za Namibia mambo yalikuwa kinyume: maneno yalikwisha kuandikwa na wengine, na mgonjwa alitakiwa kuongeza alama tu.

Basi ridhaa haihitaji mtu mpweke. Huhitaji watu wanaompanulia mwenye mwili nafasi ya kusema. Mkunga anayeeleza kwa lugha inayoeleweka, tena miezi kadhaa kabla ya uchungu, huijenga ridhaa. Mume anayesikiliza huijenga pia. Anayeshika fomu kwa mkono mmoja na mkebe wa maziwa kwa mwingine huibomoa, hata kama nia yake ni njema. Kila ridhaa inapodaiwa kuwepo, na liulizwe swali moja: mwanamke huyu angesema 'la', je, angeendelea kuhudumiwa vilevile? Ikiwa jibu ni 'hapana', fomu ina sahihi, lakini haina ridhaa.