Je, Ni Televisheni Tunayoitamani?



Siku hizi ni vigumu kukaa na watu wa rika letu, iwe ni katika Umoja wa Akina Mama au chini ya mti baada ya ibada, bila mtu kusema kwamba zamani televisheni ilitazamwa kwa pamoja, na ya kwamba tumepoteza kitu ambacho watoto wetu hawatakijua kamwe. Wote huitikia. Twaona ni vema, kabla hatujaendelea kuitikia, tuulize ni kitu gani hasa tulichopoteza, na kama kweli kilikuwa chetu sote.

Tuanze na yale yaliyo hakika. Televisheni ilianza nchini Kenya mwaka 1962, na tangu 1964 ikawa chini ya Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 iligeuka kuwa KBC. Mpaka KTN ilipoanza mwaka 1990, kituo kilikuwa kimoja tu. Matangazo yalifunguliwa jioni, yakafungwa usiku kwa wimbo wa taifa, na baada ya hapo hapakuwa na la kutazama. Huku mashambani kijiji kizima kingeweza kuwa na televisheni moja, nyumbani kwa mwalimu au mwenye duka. Haikuwa na rangi, nayo iliendeshwa kwa betri ya gari iliyopelekwa sokoni kuchajiwa. Antena ilisimama juu ya mlingoti, na kijana mmoja alitumwa nje kuigeuza huku watu wakimpigia kelele dirishani: "Hapo hapo! Aa, umepitisha, rudisha!" Watoto walinawa miguu kwanza, ndipo wakaruhusiwa kuketi sakafuni. Kisha ikaja Vitimbi, akatokea Mzee Ojwang' na Mama Kayai, na nyumba nzima ikacheka kwa kinywa kimoja. Benson Wanjau, aliyekuwa Mzee Ojwang', alipofariki mwaka 2015, wengi walimlilia kama mtu wa ukoo wao.

Sasa, je, ni vipindi vile tunavyovitamani? Hatudhani. Ndugu zetu wa Tanzania Bara hawakuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Lakini zungumza na mtu wa umri wetu kutoka Tanga au Moshi, naye atakusimulia habari zile zile kwa huzuni ile ile, ila kwake yeye ni redio: mawe ya redio yaliyoanikwa juani yapate nguvu kidogo, Simba na Yanga uwanjani, na watu wa nyumba tatu wamezunguka meza moja. Basi kisanduku chenyewe si kiini cha jambo.

Wengi watajibu upesi kwamba kiini ni umoja. Hapo ndipo tunapotaka kusimama kidogo. Tulikaa pamoja kwa sababu televisheni ilikuwa moja. Mtu aliyekosa chakula hatusemi kwamba amefunga. Vivyo hivyo ni shida kusema kwamba watu wasio na mahali pengine pa kwenda wamependana kwa sababu tu wamekaa chumba kimoja. Mwenye nyumba aliyefungua mlango kila Jumapili, akavumilia matope sebuleni na betri yake kuisha kabla ya wakati, huyo alifanya jambo la upendo, nasi twamheshimu hata leo. Sisi wengine tulikuwa tumeketi tu.

Tena, hao "sisi" ni akina nani? Mara nyingi televisheni ilikaa ndani ya kabati lenye milango na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa baba. Yeye ndiye aliyeamua lini ifunguliwe na nani aingie. Mama na binti wakubwa walikuwa jikoni. Walisikia kicheko kikipita ukutani na kuuliza baadaye kimetokea nini. Msichana wa kazi alitazama akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje, tayari kuitwa. Palikuwa pia na watoto waliofukuzwa kwa kuwa baba zao hawakusalimiana na mwenye nyumba, nao walitazama kwa dirisha mpaka pazia likavutwa. Waulize watu hao leo kama wanaikumbuka televisheni ya pamoja. Wanaikumbuka sana, lakini si kama tunavyoikumbuka. Wana wa Israeli nao, walipokuwa jangwani, waliwaza samaki na matango ya Misri, wala hawakutaja matofali.

Hata hivyo hatusemi kwamba tamaa hii yote ni ya uongo. Liko jambo moja lililokuwa la kweli, nalo halikutokea sebuleni bali kesho yake. Vioja Mahakamani kilileta kesi ndogo ndogo za watu wa kawaida, na asubuhi kesi ile ile ilisikilizwa upya kisimani, ndani ya matatu, na katika chumba cha walimu. Je, yule mshtakiwa alistahili adhabu ile? Hata msichana wa kazi, aliyeona nusu tu, alikuwa na neno la kusema. Watu wasiopatana katika jambo lingine lolote walibishana juu ya haki na dhuluma wakiwa na kesi moja mbele yao. Leo katika nyumba moja baba ana kesi yake kwenye simu, mtoto ana yake, wala hakuna anayeweza kumbishia mwenzake kwa kuwa hakuna aliyeona alichoona mwingine. Hasara hiyo ni kubwa, na vijana wasidhani twawaonea wivu tunapoitaja.

Lakini kesi moja kwa watu wote ilikuwa na gharama yake. Nchi nayo ilikuwa na kabati na ufunguo. Taarifa ya habari ilitangulia na alikokwenda Rais siku ile, hata kama mahali pengine watu walikuwa na njaa, na yasiyosemwa na kituo kile kimoja hayakusemwa hadharani. Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi walioasi walikiteka kituo cha Sauti ya Kenya, kwa kuwa walijua kwamba aliyekishika ameshika masikio ya nchi nzima. Anayetamani siku za sauti moja na aikumbuke asubuhi ile.

Vijana wanapoambiwa kwamba hawajui kukaa pamoja, wao hutujibu kwamba twawasema bure. Mwezi wa Agosti 2025, mashindano ya CHAN yalipochezwa Kenya, Uganda na Tanzania, walijaa vibandani na mbele ya maduka, ingawa wengi wao walikuwa na simu ambazo zingewaonyesha mchezo ule ule wakiwa wamelala kitandani. Jibu hilo lina uzito. Walikuwa na mahali pengine pa kwenda, nao wakachagua kubanana.

Walio taabuni zaidi, kwa maoni yetu, si vijana. Anayewatembelea wagonjwa na wazee wa mtaa huu ameona nyumba nyingi zenye televisheni pana ukutani, zawadi ya watoto walio Nairobi au ng'ambo, yenye vituo visivyohesabika na rangi safi. Mbele yake ameketi mzee mmoja peke yake. Mgeni akimaliza salamu na sala, akasimama kutafuta kofia yake, mzee humwonyesha kiti kwa mkono na kumwambia akae kidogo, kipindi kimeanza sasa hivi, nacho ni cha nusu saa tu.