Nani Amkague Mkaguzi?

Mwaka 2002, katika mihadhara ya Reith ya BBC, mwanafalsafa Onora O'Neill aligusa kidonda cha Uingereza. Taasisi zinakaguliwa kuliko zamani, alisema, lakini imani ya watu kwazo haionekani kukua. Daktari na mhadhiri hujikuta wakimtumikia mkaguzi, si mgonjwa wala mwanafunzi.

Vyuo vikuu vingali na swali la imani hiyo mkononi. Mwajiri hawezi kuipima shahada kwa kuitazama. Sharti amwamini mtu. Nani?

Katika elimu ya Kiislamu, mtu huyo alikuwa na jina. Shehe ndiye aliyempa mwanafunzi ijaza, yaani idhini, ya kukisomesha kitabu, mara nyingi akitaja silsila ya walimu waliokipokea kabla yake. Shehe aliweka jina lake nyuma ya mwanafunzi. Uingereza ilishika njia nyingine: chuo cha Durham, kilichoanzishwa 1832, kiliwaalika watahini kutoka Oxford. Dar es Salaam nayo ilipofungua chuo chake mwaka 1961, wanafunzi wake wa kwanza walisomea shahada za University of London. Heshima ya kuazima, lakini ilifanya kazi.

Leo kazi ya kuidhamini shahada ni ya mamlaka. Ulaya ina viwango vya pamoja vya ubora wa elimu ya juu tangu 2005, vilivyopitiwa upya 2015, na wakala za ukaguzi nazo hukaguliwa kila baada ya miaka mitano. Hapo ndipo falsafa inapoingia: mkaguzi wa mkaguzi naye akaguliwe na nani? Mnyororo huu hauna budi kukoma kwa mtu anayeaminiwa tu.

Finland imelikubali hilo. Haiidhinishi kila kozi. Hukagua namna chuo kinavyojisimamia, takriban kila miaka sita. Tanzania, kupitia Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), huidhinisha programu zenyewe, na si vibaya: mzazi anayelipa ada hana njia nyingine ya kutambua chuo cha mfukoni.

O'Neill mwenyewe hapingi uwajibikaji. Anautaka uwe wa akili, wa watu wenye uzoefu na muda wa kutosha. Basi timu ya ukaguzi ikifika chuoni, kabla haijafungua majalada, ipewe siku nzima ya kukaa darasani na kusoma tasnifu chache za wanafunzi, mwanzo hadi mwisho.