Majeruhi ni wa Nani?

Askari anapojeruhiwa vibaya vitani, taifa humwita shujaa, jeshi humwita majeruhi, na daktari humwita mgonjwa. Mama yake humwita mwanangu. Majina hayo manne yote ni ya haki, wala hatuna nia ya kulifuta hata moja. Lakini kila jina huja na dai lake, na madai hayo hugongana pale pale kitandani. Swali tunalotaka kulitazama ni hili: mtu aliyeutoa mwili wake kwa ajili ya dola, akarudishwa akiwa hawezi kujigeuza ubavu, ni wa nani? Na wale wanaoketi naye hospitalini miezi na miezi wanalipa deni la nani?

Tumeichagua Nchelenge, ufukweni mwa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia, kwa kuwa huko swali hili halikuzuka vitabuni. Ziwa lenyewe limekatwa na mpaka: Zambia upande wa mashariki, Kongo upande wa magharibi. Kibemba ndiyo lugha ya kila siku huko Nchelenge. Ng'ambo, Kilwa na Pweto, watu husema Kiswahili cha Katanga, nacho huvuka maji pamoja na wachuuzi wa samaki. (Msomaji wa pwani asistuke kuiona Kilwa huko bara, wala asiharakishe kujenga historia juu ya jina tu.) Vita vilivyoanza Kongo mwezi wa Agosti 1998 viliufikia ufukwe huo Desemba 2000, pale mji wa Pweto ulipoangukia mikononi mwa waasi wa RCD na majeshi ya Rwanda. Maelfu ya raia walikimbilia Zambia, na pamoja nao askari wa serikali ya Kinshasa na washirika wao, ambao huko walinyang'anywa silaha. Wakimbizi wa vita vile walipokewa katika kambi za Kala, wilaya ya Kawambwa, na Mwange, wilaya ya Mporokoso. Mwaka 2017 Wakongo wengine wakakimbia tena, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa katika wilaya ya Nchelenge yenyewe.

Kwa askari aliyejeruhiwa sheria ya mataifa haina kigugumizi. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 yaagiza kwamba majeruhi akusanywe na atibiwe, awe rafiki au adui, bila kuulizwa bendera yake. Ni agizo tukufu, na wanaolidharau kwa sababu linavunjwa mara nyingi wanakosea. Hata hivyo tukilisoma kwa makini twaona kwamba linamtaja mwenye wajibu wa kumfunga jeraha. Halimtaji atakayemlisha uji, atakayemwosha, atakayemsikiliza usiku anapopiga kelele akidhani bado yumo handakini. Nafasi hiyo imeachwa wazi. Sheria ilidhani, kama serikali nyingi zinavyodhani, kwamba yupo mtu wa kuijaza.

Hapa lugha yetu yatufaa. Sisi tunaofundisha Kiswahili tumezoea kuwaeleza wanafunzi kwamba mnyambuliko wa kutendesha humtia mtu katika hali: kulia huzaa kuliza, kurudi huzaa kurudisha. Basi kuugua kungepaswa kuzaa neno la kumtia mtu ugonjwa. Badala yake tumepata kuuguza, yaani kukaa na mgonjwa na kumhudumia mpaka apone au afe. Mwanafunzi mwerevu huuliza kwa nini, na hatuna jibu la kisarufi la kumtosheleza. Lakini maana yenyewe iko wazi: anayeuguza amo ndani ya ugonjwa. Tena neno halibagui. Muuguzi mwenye cheti na vazi rasmi anauguza, na dada aliyelala sakafuni juu ya kanga anauguza. Mmoja analipwa mshahara, mwingine halipwi. Tofauti hiyo imeletwa na ofisi; haimo katika neno.

Thamani ya huyu asiyelipwa huonekana vizuri zaidi pale alipokosekana. Katika Vita Kuu ya Kwanza watu wa nchi hizi walichukuliwa kwa wingi kuwa wapagazi. Waingereza wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini waliwaita tengatenga. Vita hivyo vilimalizikia huko huko kaskazini mwa Zambia, Jenerali von Lettow-Vorbeck alipojisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake hukadiriwa kukaribia laki moja, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa na njaa. Walikuwa na bwana wa kuwaamrisha na karani wa kuwahesabu. Hawakuwa na wa kuwauguza. Mtu alifia kando ya njia katika nchi ambayo hakuna aliyejua jina la mama yake. Twaamini kwamba mtu yeyote anayesema msaada wa jamaa ni jambo la ziada, la kupendezesha tu, angefaa aitafakari hesabu hiyo kabla hajaendelea.

Sasa tumfikirie askari wa zama zetu, mzaliwa wa Nchelenge. Zambia imepeleka askari wake katika shughuli nyingi za kulinda amani: Sierra Leone, ambako Mei 2000 mamia yao walitekwa na waasi wa RUF, na Jamhuri ya Afrika ya Kati tangu mwaka 2015. Tuseme mtu huyu ameumia uti wa mgongo. Hatatibiwa katika Hospitali ya Mtakatifu Paulo iliyo karibu na kwao. Atalazwa Lusaka, katika hospitali ya jeshi ya Maina Soko au nyingine kubwa, takriban kilomita elfu moja kutoka ziwani. Matibabu, tuseme, ni juu ya serikali, nasi twaisifu kwa hilo. Lakini nauli ya mkewe ni chisense waliokaushwa wakauzwa, hao ambao sisi tungewaita dagaa. Kaka yake ameacha nyavu. Unga wa muhogo umefungwa katika gunia, kwa maana mgonjwa akikaa muda mrefu hukitamani chakula cha kwao kuliko dawa. Na ikiwa ameumia mwezi wa Desemba, uvuvi umefungwa mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazaane, hivyo hata hao chisense ni wa akiba. Kila siku ya kuuguza ina bei, na bei hiyo haiandikwi katika daftari lolote la serikali.

Wapo wenzetu watakaojibu kwamba mapenzi hayalipwi; kwamba ukimpa mke posho kwa kumwosha mumewe umemgeuza kibarua. Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Twaiuliza tu swali moja: mbona haitumiwi kwa askari mwenyewe? Yeye naye aliambiwa kwamba kuipenda nchi hakulipwi, na hata hivyo alipewa mshahara, wala hakuna aliyesema kwamba mshahara ule uliuua uzalendo wake. Tunashuku kwamba sifa ya uvumilivu wa wanawake hutolewa kwa ukarimu mkubwa pale ambapo nauli haitolewi. Maoni yetu ni kwamba nauli, malazi na chakula cha anayeuguza ni sehemu ya gharama ya vita, sawa na risasi na dizeli. Na serikali iliyoweza kumsafirisha mtu mpaka Bangui haiwezi kudai kwamba imeshindwa kumsafirisha mkewe mpaka Lusaka.

Lakini tusimwonee huyu wa serikalini peke yake, maana jamaa nao wana madai yao, na yanaweza kuwa mazito kwa mgonjwa kuliko amri ya jeshi. Makabila mengi ya bonde la Luapula hufuata ukoo wa mama. Mke ndiye aliyelala sakafuni miezi minne. Lakini siku daktari anapotaka kauli kuhusu kuukata mguu, yaweza kuwa mjomba, aliyefika jana kwa basi, ndiye anayesimama na kusema. Yeye ni wa damu. Mke ni wa ukoo mwingine. Hatuwezi kuicheka desturi iliyowalea watoto wengi ambao baba zao walizama ziwani. Hata hivyo twaona kwamba kuuguza nako huzaa haki. Aliyeyajua maumivu ya mtu saa kwa saa anajua jambo ambalo damu haimfundishi mjomba, na kikao cha ukoo kinachomnyamazisha kinajinyima shahidi wake bora.

Na majeruhi mwenyewe je? Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Ni methali ya huruma: usimsumbue mtu dhaifu kwa maswali, mpikie, mletee. Inafaa kwa homa ya siku tatu. Kwa kijana wa miaka 28 ambaye hatasimama tena, na ambaye mbele yake pengine ipo miaka 40 ya kuletewa uji, methali hiyo yaweza kuwa kifungo. Jeshini alifundishwa kutii bila kuuliza. Akitoka huko akaingia katika mikono ya watu wampendao, naye akatii tena bila kuulizwa, basi ni lini atakuwa mwenye nafsi yake? Wakati mwingine anakataa chakula, anamfukuza mkewe, anageukia ukutani. Wauguzaji huona ni utovu wa shukrani. Twathubutu kusema kwamba mara nyingine ndicho kitu cha kwanza alichokiamua mwenyewe tangu siku ile ya mlipuko, na kwamba yafaa waketi kimya karibu naye, uji upoe, mpaka auombe.

Itafika siku ya kuruhusiwa. Gari la jeshi litamleta mpaka mlangoni na dereva atataka saini. Kiti chake cha magurudumu kimetengenezwa kwa ajili ya sakafu ya saruji. Nchelenge ufukweni ni mchanga, na gurudumu huzama kabla ya kuufikia mwembe. Choo kiko nyuma ya nyumba, cha shimo, cha kuchutama. Mjomba yule yule aliyesema hospitalini atalazimika sasa kutafuta mbao za kukalia na za njia kutoka mlangoni mpaka chooni, kabla ya mvua, na mke atamwonyesha upana unaotakiwa, kwa kuwa yeye ndiye amesukuma kile kiti.