Beki Naye Hutunzwa?

Wahenga walinena: mcheza kwao hutunzwa. Je, beki wa daraja la chini, hapa Gitega au kule Muyinga, naye hutunzwa?

Mwaka 2019 Burundi ilishiriki kwa mara ya kwanza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, nchini Misri. Katika mechi 3 ilifungwa mabao 4. Hayo twayahesabu hadi leo. Mashambulizi yaliyozimwa, nani ayakumbukaye? Ikiwa beki wa taifa husahauliwa hivyo, itakuwaje kwa yule ambaye, goti likiumia, hana mshahara wa kumvusha?

Kosa lake hubaki midomoni mwa watu. Madhara aliyoyazuia hayakutokea, kwa hiyo hayaonekani. Lakini deni lisiloonekana ni deni pia. Basi mlinzi na atunzwe kwa aliyoyazuia, wala tusingoje afunge bao ndipo tumjue.