Mkate wa Kila Siku katika Nyumba ya Martin Luther



Mmesikia mara nyingi habari za mana katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16: jinsi Waisraeli walivyolishwa jangwani bila kulima wala kupanda, kila nyumba ikipata ya kuitosha, na jinsi mwenye tamaa aliyeficha ya kesho alivyoamka akakuta mabuu chunguni. Lakini wachache hulikumbuka jambo lililoandikwa katika Yoshua, sura ya 5, ya kuwa watu walipokwisha kuvuka Yordani na kuonja mazao ya nchi ya Kanaani, mana ilikoma. Tangu siku ile mkate wao ulitoka kwa Mungu yule yule, ila sasa ulipitia katika jembe na zizi na ghala, na mtu aliweza kuupoteza kwa ujinga wake mwenyewe.

Mwezi huu twataka kuwaeleza habari za mume na mke ambao mana yao ilikoma. Majina yao mwayajua: Martin Luther na Katharina von Bora. Mafundisho ya Luther twayasoma kila mwaka ifikapo sikukuu ya Matengenezo. Chakula chake kilitoka wapi, na ni nani aliyekitafuta, hayo hatuyasemi sana.

Sababu yetu ya kuandika ni hii. Tunapozunguka katika sharika twaingia nyumba nyingi za Wakristo wema, wenye kusali asubuhi na jioni, ambao maisha yao yanajila yenyewe. Katika mlima mmoja tulikaa barazani na mzee aliyestaafu kazi ya mshahara. Kihamba chake ni kidogo, kwa kuwa kilikwisha kugawanywa mara mbili, kwanza na baba yake, kisha na yeye mwenyewe kwa ajili ya wanawe. Alikuwa na deni dukani. Akauza ng'ombe ili alilipe. Ng'ombe alipoondoka, samadi iliondoka pamoja naye. Samadi ilipokosekana, migomba ilidhoofu. Migomba ilipodhoofu, ndizi zilinunuliwa sokoni, na deni likarudi dukani pale pale. Mkewe alimwambia mapema ya kuwa itakuwa hivyo. Hakumsikia. Alipotusimulia hayo mkewe alikuwa amekaa karibu nasi akichambua maharage, wala hakusema neno.

Basi turudi Wittenberg, katika nchi ya Ujerumani, ambayo wazee wetu waliiita Udachi. Luther aliingia utawani mwaka 1505. Katharina alipelekwa kwa watawa wa kike tangu utoto wake. Wote wawili walizoea kulishwa. Kengele ililia, wakaenda mezani, na chakula kilikuwapo, kwa kuwa nyumba za watawa zilikuwa na mashamba na mapato yake tangu zamani. Siku za Pasaka ya mwaka 1523 Katharina alitoroka kutoka Nimbschen pamoja na wenziwe, na tarehe 13 Juni 1525 akaolewa na Luther. Bwana arusi alikuwa na umri wa miaka 41, bibi arusi 26. Nyumba yao ilikuwa ile ile ya watawa wa Wittenberg, kubwa na iliyoachwa, maana watawa walikwisha kutawanyika. Luther mwenyewe alikiri ya kuwa kabla ya kuoa kitanda chake cha majani hakikutandikwa mwaka mzima, hata majani yakaoza kwa jasho. Alikuwa akifanya kazi mchana kutwa na kuanguka kitandani bila kujua amelalia nini.

Mtawala wa Saksonia alimpa mshahara wa gulden 200 kwa mwaka. Si haba, lakini Luther hakupokea fedha kwa ajili ya vitabu vyake, ambavyo wapiga chapa walitajirika navyo, wala hakuwatoza wanafunzi ada ya mafundisho. Tena alikuwa mtu asiyeweza kumwona mhitaji akaufumba mkono. Aliweka dhamana kwa ajili ya watu, nao hawakulipa. Mwaka 1527 deni lilipita gulden 100, vikombe vya fedha vikawekwa rehani, na Lucas Cranach, mchoraji, rafiki yake sana, hakutaka tena kumkubali kuwa mdhamini wa mtu. Twadhani huo ulikuwa urafiki wa kweli. Hata mtumishi wa Neno yampasa kukatazwa na rafiki zake asifanye upumbavu.

Katika mwaka huo huo Luther alimwandikia Wenzeslaus Link, rafiki yake wa Nürnberg. Alimwomba vitu viwili. Kwanza mbegu za bustani, za kila namna awezazo kuzipata. Pili vyombo vya kukerezea miti, kwa kuwa yeye na mtumishi wake Wolfgang walitaka kujifunza kazi hiyo. Maana, alisema, ikiwa ulimwengu hautaki tena kuwalisha kwa ajili ya Neno la Mungu, yafaa wajue kujipatia mkate kwa mikono yao. Fikirini, ndugu: daktari wa Maandiko Matakatifu, ambaye jina lake lilikuwa limefika katika nyumba za wafalme, anaomba patasi! Mtume Paulo alishona hema pamoja na Akila na Prisila, mume na mke, kama tusomavyo katika Matendo 18, wala hakuona haya. Twaogopa ya kuwa siku hizi baadhi yetu waona haya. Kijana akisoma kidogo hukimbia jembe, na mshahara ukichelewa miezi miwili hukimbilia kukopa.

Hatusomi popote kwamba Luther alipata kuwa mkerezaji hodari. Mbegu ziliota, na maboga na matango yakatambaa bustanini, naye akayafurahia kama mtoto. Lakini nyumba haikuponywa na maboga ya Luther. Iliponywa na Katharina.

Yeye aliondoka kitandani saa kumi ya alfajiri. Akafuga ng'ombe, nguruwe, mbuzi na kuku. Akalima bustani, kisha akamsukuma mumewe wanunue nyingine yenye maji ya kufugia samaki. Luther alisimulia mezani ya kuwa mkewe alifurahi kwa samaki wake wachache kuliko wakuu wengi wanaovua mamia katika mabwawa yao makubwa. Vyumba vya watawa vilivyokaa vitupu akavitengeneza na kuwapangisha wanafunzi wenye kulipa malazi na chakula. Katika nyumba hiyo hiyo akawalea watoto sita aliowazaa, ambao wawili, Elisabeth na Magdalena, walikufa angali hai, na juu yao watoto yatima wa jamaa. Wageni, wakimbizi na wagonjwa hawakukoma mlangoni.

Tusifiche jambo lingine: alipika pombe. Nyumba ile ilikuwa na haki ya kupika bia tangu siku za watawa, na bia ilikuwa kinywaji cha mezani cha kila siku katika nchi ile. Twajua yuko msomaji atakayelishika neno hili moja na kuyaacha mengine yote. Yeye tutamwomba aanze kwa kuondoka kitandani saa kumi.

Angalieni sasa jinsi kazi za mama huyu zilivyoshikana. Wenye kupika pombe wajua ya kuwa machicha hayatupwi, huwafaa nguruwe. Mavi ya mifugo hurudi bustanini, bustani hulisha meza, na mabaki ya meza hurudi kwa kuku. Wazee wetu wa Kilimanjaro hawakuhitaji kufundishwa hayo na mtu wa Wittenberg. Katika kihamba mgomba humpa mtu ndizi na humpa ng'ombe majani na shina. Ng'ombe akaaye zizini huurudishia mgomba samadi. Na mti mrefu ulioachwa katikati huipa kahawa kivuli. Akina mama hujitwika majani kutoka bondeni, mwendo mrefu, wala hakuna anayewaandikia mshahara. Mzunguko huo ukikatwa mahali pamoja, kama kwa yule mzee aliyemwuza ng'ombe wake, nyumba nzima huanza kulegea, hata kama makuti au bati la juu lang'aa.

Mwaka 1529 Luther aliandika Katekisimo Ndogo. Vijana wote wa kipaimara wameikariri. Katika ombi la nne, akiuliza mkate wa kila siku ni nini, anahesabu vitu vingi: chakula na kinywaji, mavazi na viatu, kisha nyumba na kiwanja, shamba na mifugo, na baada ya hayo fedha na mali. Ni mara ngapi tumeyasema maneno hayo kwa haraka tusione mpango wake? Fedha haikutajwa kwanza. Shamba na mifugo vimeitangulia. Na mara tu baada ya mali anamtaja mwenzi mwema wa ndoa. Twaamini ya kuwa mwandishi hakuitoa orodha hiyo hewani. Alikuwa amekaa katika nyumba iliyopata kuweka vikombe rehani, na uani mkewe alikuwa kazini.

Lakini msidhani ya kuwa wawili hawa walikubaliana sikuzote. Hapa ndipo penye uzito, wala hatutaki kupapita upesi. Luther alitoa, Katharina alizuia. Walipooana, Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz, ambaye hakuwa rafiki wa Matengenezo, aliwapelekea gulden 20 za arusi. Luther alitaka zirudishwe. Katharina alizipokea. Mara nyingine Luther aliandika barua kwamba anampelekea rafiki zawadi ya chombo cha kunywea, kisha ikambidi aongeze mwishoni ya kuwa chombo hakionekani, mkewe amekificha.

Nani alikuwa na haki? Wahubiri wengi humsifu mume kwa ukarimu wake na kumcheka mke kwa ubahili wake. Sisi tumelifikiri jambo hili kwa muda, na hatuwezi kusema hivyo. Mume alitoa kilichokuwamo nyumbani, lakini kikiwamo ni kwa kuwa mke hakukiacha kitoke chote. Yatima walikula, wakimbizi walilala kitandani, kwa sababu mtu mmoja alihesabu magunia. Kwa upande mwingine, nyumba yenye kuhesabu tu, isiyo na mtu wa kuufungua mkono, ni ile ya tajiri wa Luka 12, aliyekusudia kujenga ghala kubwa zaidi, na usiku ule ule roho yake ikatakwa. Kwa hiyo hatumwambii mume awe kama Katharina wala mke awe kama Luther. Twasema tu ya kuwa kila mmoja alimwacha mwenziwe amzuie. Luther alimtania mkewe kwa kumwita bwana wake. Katika barua alimwandikia kama mpika bia na mtunza bustani. Lakini akamwachia mkoba wa fedha. Yule mzee wa kihamba hakumwachia mkewe hata neno.

Mwaka 1540 walilinunua shamba la Zulsdorf kutoka kwa ndugu yake Katharina kwa gulden 610. Lilikuwa mbali, mwendo wa siku mbili kwa gari la farasi, na Katharina alikaa huko majuma mengi akisimamia kazi, hata mumewe akaanza kumwita kwa mzaha bibi tajiri wa Zulsdorf. Lakini Julai 1545 mzaha uliisha. Luther alikuwa safarini, mzee na mgonjwa, amechoshwa na mwenendo wa watu wa Wittenberg. Akamwandikia mkewe auze bustani na nyumba, nao wahamie shambani, maana mshahara ungefaa kulitengeneza shamba muda wote atakapokuwa hai. Na baada ya kufa kwake, alisema, Wittenberg haitamvumilia mjane. Mtawala na wenziwe wa chuo walimsihi sana, akarudi mjini. Tarehe 18 Februari 1546 alifariki huko Eisleben.

Aliyoyahofia yalitokea kwa sehemu kubwa. Wosia aliouandika mwaka 1542 wa kumrithisha mkewe haukupatana na sheria ya Saksonia, ikawa lazima mtawala authibitishe. Kisha vita vikaja. Katharina alikimbia na watoto, akarudi, akakimbia tena. Aliporudi mara ya mwisho mashamba na bustani yalikuwa yameharibiwa. Alikuwa na umri wa karibu miaka 50. Akakopa fedha, akatengeneza nyumba, akaanza tena kupokea wanafunzi na kufuga. Hivyo aliishi hata mwaka 1552, tauni ilipoingia Wittenberg. Akapakia vitu garini aende Torgau pamoja na watoto. Njiani alianguka na kuumia, na tarehe 20 Desemba akafa. Alizikwa Torgau katika kanisa la Mtakatifu Maria.

Mwaka uliofuata watoto waliliuza shamba la Zulsdorf. Nyumba ya Wittenberg waliiuza kwa chuo mwaka 1564. Lakini mlango wa mawe ambao Katharina aliuagiza mwaka 1540 uwe zawadi kwa mumewe ungali pale. Una viti viwili vilivyochongwa, kimoja upande huu na kimoja upande huu, vinavyoelekeana.